Mabawa ya Kidole

Jumapili, tarehe 3 Machi

Kwako mwanangu Kidole,

Leo nimeshika kalamu mwenyewe, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usicheke, nifuate tu hukohuko inakokwenda.

Kwanza salamu. Mimi mama yako sijambo, mgongo unaniuma ukitaka na usipotaka unaniacha. Baba yako hajambo, yuko hapa mlangoni na kiatu cha mtu mapajani na misumari mdomoni, ndiyo maana hajaniingilia kuniambia niandike nini, nashukuru. Bibi yako hajambo, sikio la kushoto limezimika kabisa ila la kulia linasikia hata lisiloambiwa. Kaka yako hajambo, mke wake hajambo, na mtoto wao ameota jino la tatu na amelijaribu kwenye kidole cha Bibi. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu sana, anasema lile gauni lako la kijani bado lina pindo la kuachia kama umenenepa. Umenenepa? Hata yule kuku wetu mwenye upara yupo, ila sijamwambia wewe unapika nini huko. Shangazi yako naye anakusalimu, nitafika kwake sasa hivi.

Kaka yako alisema nikupigie simu. Simu inasema halafu inanyamaza, na mimi nabaki nimesahau nusu. Barua naiweka chini ya mto, nikitaka kukusikia naitoa.

Mafuta ya mgando uliyoomba nimempa dereva wa lori la sabuni, makopo mawili. Paka vidoleni ukienda kulala, kisha vaa soksi mikononi. Najua utacheka. Vaa.

Sasa Shangazi yako. Unajua hapa mtaani kila mtu anajua kwamba mwanangu ni mpishi wa hoteli, na kama yupo asiyejua basi alikuwa safarini. Juzi Shangazi kakaa hapa, kanywa chai yangu vikombe viwili, halafu anasema, "Wifi, mpishi gani huyu, mwaka wa pili sasa, hata picha ya kofia hatujaiona?" Nikamwambia, "Wifi, kofia inapikwa?" Bibi akacheka mpaka kikohozi. Lakini Shangazi hakucheka. Anasema tarehe 20 anakuja huko mjini kupimwa miwani, na atapita hotelini kwako ale chakula cha mtoto wa kaka yake.

Mimi nimefurahi, ila moyo unanidundadunda, sijui kwa nini. Basi nimewaza hivi. Katika barua yako ya mwezi uliopita ulisema kuna mabawa ya kuku ya Kichina yanayong'aa kama viatu alivyopiga rangi baba yako, matamu, yananata mpaka mtu anasahau adabu. Niandikie namna yake. Jumapili ijayo Shangazi anakuja tena, nataka nimpikie aonje kazi ya mwanangu kabla hajakufika.

Umekula leo? Andika upesi.

Mimi mama yako,
Mama Peremende

*

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo zifike kwa Baba na Bibi. Mtoto mwambieni jino la nne akalijaribu kwa kaka. Mafuta yamefika, soksi nimevaa, na wenzangu chumbani wamecheka kwa niaba yangu.

Sijanenepa, Mama.

Mabawa haya ni ya Shifu. Shifu ndiye mpishi mkuu wa jiko la Kichina hapa hotelini, na neno lenyewe kwa lugha yake ni kama kusema fundi. Ni mzee mfupi, ana taulo shingoni wakati wote, na katika lugha yetu anajua maneno mawili tu: "bado" na "sasa". Kwa maneno hayo mawili anaendesha jiko zima. Sukari ikiwa motoni mpishi humtazama, yeye husema bado, bado, bado, halafu ghafla, "Sasa!" na mabawa yanaingia.

Namna yake ni hii. Mabawa yaoshwe, yakaushwe kwa kitambaa, kila bawa likatwe mistari miwili ili utamu uingie. Mafuta kidogo kwenye karai, tia sukari vijiko vitatu, ikae dakika tatu mpaka iwe rangi ya chai. Tia mabawa uyageuze yashike rangi. Tangawizi, kitunguu saumu, majani ya kitunguu. Soya vijiko vitatu. Nyota mbili. Maji ya moto yafunike mabawa, yasiwe ya baridi maana yatakurukia. Funika, moto mdogo, dakika ishirini. Halafu funua, ongeza moto, geuzageuza mpaka mchuzi ukauke na kuganda kwenye mabawa kama varnishi kwenye kiti kipya.

Mama, kuhusu Shangazi. Mwambie hotelini hawaruhusu wageni jikoni. Mwambie mwezi huu kuna kazi nyingi mno. Mwambie miwani hupimwa hata huko nyumbani. Tafadhali.

Mwanao,
Kidole

*

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kwako Kidole wangu,

Sote hatujambo, isipokuwa heshima yangu.

Mwanangu, umeniandikia soya vijiko vitatu. Nikaenda dukani, nikanunua soya, pakiti nzuri, ile ile tunayomkorogea mtoto uji. Nikatia vijiko vitatu. Karai likanyamaza. Mchuzi wote ukasimama. Nikaongeza maji, ukavimba. Nikaongeza tena, ukavimba tena, ukataka kutoka nje kunisalimia. Baba yako kachungulia akasema, "Mama Kidole, unapika au unajenga?"

Na nyota mbili! Nilikaa na hizo nyota siku nzima. Mke wa kaka yako anasema labda ni kipimo, kama vijiko. Bibi anasema labda ni hoteli yenye nyota mbili, chakula chake ndicho hicho. Fundi cherehani akasema, "Mama Peremende, mtoto anapika kizungumkuti cha kisasa, hizo ni mapambo." Basi nikachukua karoti, nikachonga nyota mbili kwa kisu cha baba yako cha ngozi, pembe tano kila moja, sawasawa kabisa. Nikazibandika juu ya ule udongo.

Shangazi kaja. Kakaa. Kavuta bawa, bawa halitoki. Kavuta kwa mikono miwili, likatoka na sauti. Akatafuna muda mrefu, akaweka mfupa kando taratibu, akasema, "Kwa hiyo hiki ndicho anachopika." Bibi akamjibu, "Kula, unachagua nini, una meno yote."

Baba yako alikula matano. Anasema ni uji wenye mifupa, lakini ni uji mzuri. Kuku mwenye upara nimemwona akitazama sufuria, nadhani amenisamehe.

Shangazi nimemwambia habari za wageni kutoruhusiwa. Akasema yeye si mgeni, ni shangazi. Tarehe 20 anakuja, tiketi anayo.

Kitu kimoja lakini kilitoka vizuri kabisa, kabla sijatia hiyo soya: sukari. Na hapo nataka nikuulize. Umeandika "dakika tatu". Sukari haina saa, mwanangu. Wewe umekulia chini ya meza yangu ya peremende, jina la Kidole ulilipata kwa kuchovya kidole kwenye sufuria yangu ukiwa na miaka minne, na hata siku hiyo hukuniuliza dakika. Mtu anayesimama mbele ya sukari hasemi dakika. Anayesema dakika ni aliyeitazama kwa mbali, kwa saa ya ukutani.

Sikugombezi. Nauliza tu. Vidole vinaendeleaje? Vile vya kulia, pembeni ya kucha, vimeziba?

Jibu upesi.

Mama yako,
Mama Peremende

*

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu karoti mpaka wenzangu wakadhani nimepata habari mbaya. Kosa ni langu. Soya ninayosema ni sosi nyeusi ya majimaji, ina chumvi, hutengenezwa kwa maharage ya soya. Nyota ni kiungo kikavu cha kahawia, kina pembe nane na kinanukia kama dawa tamu ya kikohozi. Nimempa dereva wa lori la sabuni chupa moja na nyota kumi. Zile za karoti naomba uniwekee.

Nimefika kwenye swali lako, na nimeandika karatasi hii mara tatu.

Mama, mimi si mpishi. Ninaosha vyombo. Ndiyo kazi niliyopewa siku ya kwanza, na ndiyo ninayofanya hadi leo. Nilipoondoka uliniambia mbele ya majirani wote, "Nenda ukapike", na barua yangu ya kwanza nikaandika napika, nikisema moyoni mwezi ujao itakuwa kweli. Mwezi ujao ukaja, nikaona aibu kusahihisha. Halafu ukamwambia Shangazi. Halafu fundi cherehani. Halafu nikawa mpishi mtaa mzima isipokuwa hapa nilipo.

Sinki langu liko hatua nane kutoka jiko la Shifu. Juu ya jiko lake kuna saa ya ukutani. Dakika tatu nilizipata hapo, kama ulivyosema.

Lakini sikiliza. Mpishi mmoja ameondoka. Jumamosi tarehe 23 Shifu atawajaribu watu watatu kwa sahani moja tu, hayo mabawa. Wawili ni wasaidizi wa jikoni. Wa tatu ni mimi. Nilijifuta mikono, nikaenda mbele yake, nikajionyesha kidole kifuani, kisha nikaonyesha karai. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatu. Akasema, "Bado." Kesho yake nikaenda tena. "Bado." Siku ya nne akavua taulo shingoni akanirushia, na wote jikoni wakapiga sufuria kwa miiko. Hilo taulo maana yake nimekubaliwa.

Taabu ni sukari. Siku ya kujaribiwa Shifu hatasema lolote. Hakuna bado, hakuna sasa. Atasimama na mikono nyuma, na mpishi ndiye anayetakiwa kusema "sasa" yeye mwenyewe, kwa sauti, halafu atie mabawa. Ukiwahi, mabawa yanatoka meupe kama yameogopa. Ukichelewa, yanakuwa machungu na hakuna sosi ya kuyaokoa. Nimejaribu mara mbili saa za mapumziko, na zote mbili yametoka machungu. Feni ya jikoni inavuma, siwezi hata kunusa vizuri.

Na tarehe 20 Shangazi atanikuta na povu mpaka kwenye viwiko.

Nisamehe Mama. Umejisifu kwa kitu ambacho hakikuwepo, na aliyekupa ni mimi.

Mwanao,
Kidole

*

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Kwako binti yangu,

Hii ni barua ya mama yako lakini mwandiko ni wangu, baba yako. Mama yako yuko hapa pembeni anasema na mimi naandika. Amenikataza kusema kwa nini haandiki mwenyewe, kwa hiyo sisemi. Tuko salama wote. Dereva anaondoka mchana, kwa hiyo tunakwenda haraka.

Mama yako anasema: Kidole, nilijua.

Anasema nilijua tangu ulipoomba mafuta mara ya kwanza. Kabla hujazaliwa nilifua nguo za watu miaka saba. Mkono wa mpishi huungua, una madoa, hauna nyufa. Mkono unaopasuka pembeni ya kucha ni mkono wa maji na sabuni, na mtu asinifundishe hilo.

(Hapa nimemuuliza mbona hakuniambia mimi, maana na mimi nimewaambia wateja wangu wote. Anasema niandike niache maswali.)

Anasema: nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Kama huyo mzee wako. Mara mia nilitaka kukuuliza, nikajiambia bado, bado. Sasa umesema. Yamekwisha.

Anasema: na usiseme nilijisifu kwa kitu ambacho hakikuwepo. Kipo. Nilitangulia kidogo tu, kama mtu anayetandika kitanda mgeni akiwa bado njiani.

(Hapa amelia kidogo. Amesema nisiandike. Nimeandika.)

Sasa sukari. Anasema sikiliza vizuri, baba yako ataandika kama ninavyosema na asitie maneno yake.

Moto wa kati. Sukari kwanza itakuwa mkaidi, itashikana mabonge, wewe koroga tu. Itayeyuka iwe maji ya manjano. Usiiamini hapo. Itaanza kutoa mapovu makubwa yenye kelele, yanapasuka kama watu wanaobishana. Hapo rangi itakudanganya, itakuwa nzuri, utatamani kutia. Bado. Kisha yale mapovu makubwa yanajificha, yanakuja madogo, mengi, yamejaa karai lote, yanapanda pamoja kama kifua cha mtoto aliyelala. Na kelele inashuka. Umesema kuna feni, basi usisikilize, tazama. Mapovu makubwa yakiisha yote na madogo yakapanda pamoja, hapo ndipo. Usihesabu. Usiangalie saa. Ukiona moshi hata uzi mmoja, umechelewa, mwaga uanze upya, na usione aibu kumwaga.

Anasema: na usiliogope karai. Wewe ndiye uliyelikwangua miaka miwili. Hao wawili wengine wanajua sukari ikiwa nzuri. Wewe peke yako unajua inaungulia wapi kwanza.

(Nimemuuliza, inaungulia wapi? Anasema, ukingoni, upande wa moto, yeye anajua.)

Kuhusu Shangazi, mama yako anasema mwache aje. Anasema usijifiche. Simama ulipo, mpe shikamoo yake, uendelee kuosha.

Mwisho wa maneno yake. Sasa langu moja, yuko ndani anatafuta bahasha. Chupa yako na nyota zilifika juzi. Amepika sukari mara sita ili apate maneno ya kukuelezea, maana anasema mikono inajua lakini mdomo haujui. Mara ya sita ilimrukia mkono wa kulia. Si vibaya sana, amefungwa kitambaa, muuguzi amesema wiki mbili. Amekaa anautazama ule mkono, anamwambia Bibi, "Ona, sasa mimi ndiye mwenye mkono wa mpishi." Ukimwandikia usimwambie nimesema.

Jibu haraka, hatulali vizuri.

Baba yako

*

Jumapili, tarehe 24 Machi

Mama,

Shikamoo. Nianze na Shangazi kwa sababu alianza yeye.

Alikuja Jumatano saa sita, wakati wa sahani nyingi kuliko zote. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akamwambia mlinzi yeye ni shangazi, na mlinzi akampisha. Nimeinua macho namwona mlangoni, miwani mipya puani, mkoba kifuani. Mikono yangu ilikuwa ndani ya sinki mpaka hapa. Nikakumbuka ulivyosema. Nikasema, "Shikamoo Shangazi." Akasema, "Marahaba." Akanitazama. Akatazama ule mnara wa sahani safi pembeni yangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaondoka.  Nimeosha sahani ile ile mara tatu bila kujua.

Kwa hiyo mkijua huko nyumbani, najua mmejuaje.

Sasa jana. Wa kwanza alikuwa kijana wa mboga. Aliwahi. Mabawa yake yalitoka meupe, Shifu akaonja moja, akarudisha mfupa kwenye sahani. Wa pili alikuwa dada wa tambi, fundi kweli, lakini akakoroga mno, sukari ikarudi kuwa mabonge. Shifu akala mawili, akatikisa kichwa.

Mimi nikasimama. Taulo lake lilikuwa shingoni mwangu. Kule juu saa inatembea, nikaipa mgongo, nikasogea upande wa pili wa jiko. Wakacheka, wakadhani nimepotea. Sukari ikawa mkaidi. Ikayeyuka. Mapovu makubwa yakaja na kubishana. Rangi ikawa nzuri kweli, Mama, ikaniita. Nyuma yangu nikasikia dada wa tambi ananong'ona, "Tia, tia, itaungua." Nikasema moyoni bado. Nikatazama ukingoni, upande wa moto, pale ninapokwangua siku zote. Palikuwa safi. Makubwa yakajificha. Madogo yakaja, yakapanda yote pamoja, na mimi nikapanda nayo.

"Sasa!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno, mpaka mhudumu akaangusha vijiko. Mabawa yakaingia yakalia. Tangawizi, kitunguu saumu, sosi, nyota mbili za kweli, maji ya moto. Nikafunika. Zile dakika ishirini sikumbuki niliziishi wapi. Nikafunua, moto mkubwa, nikageuza, nikageuza, mchuzi ukazidi kuwa mzito, mwiko ukapita ukaacha njia nyuma yake. Nikapakua mabawa manane. Yanang'aa mpaka taa ya dari ilionekana ndani yake.

Shifu akavuta kiti. Kwa wale wawili alionja amesimama. Akala la kwanza. Uso haukusema kitu. La pili. La tatu. Mifupa akaipanga mstari mmoja, safi, kama misumari ya Baba.  Baada ya la tano akaweka mikono mezani akafumba macho.

Nikajua yamekwisha. Nimezoea, mtu akiweka mikono mezani mimi naondoa sahani. Basi mikono yangu ikaenda yenyewe, nikashika sahani nikaanza kuinua.

Akaishika upande wa pili. Akafungua macho. Akasema, "Bado."

Moyo ukanianguka, Mama. Bado. Sijafika. Nikaivuta kidogo, nataka niende nayo sinki nikalie vizuri. Akaivuta kwake. Nikavuta, akavuta. "Bado!" Halafu akanionyesha yale matatu yaliyobaki, akajionyesha tumbo.

Alikuwa hajamaliza kula.

Wamecheka wote, dada wa tambi mpaka akakaa sakafuni. Shifu hakucheka, alikuwa na kazi. Alimaliza manane. Kesho Jumatatu naanza kwenye karai la tatu, karibu na dirisha. Kofia wamenipa, ni kubwa, inashuka machoni. Picha imo humu ndani.

Mkono wako unaendeleaje? Hakuna aliyeniambia kitu. Nimeota tu.

Mwanao, mpishi,
Kidole

*

Jumatano, tarehe 27 Machi

Kwako mwanangu mpishi Kidole,

Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umeota ndoto ile ile uliyoota wewe, na aliyekuotesha nimeshamnyima chai. Lakini barua hii simpi mtu aniandikie.

Baba yako hajambo na hana aibu. Bibi hajambo. Kaka yako na mke wake hawajambo, mtoto ana jino la nne na alilijaribu kwa kaka yako kama ulivyoagiza. Fundi cherehani anasema kofia ilete apunguze.

Ngoja nikueleze yalivyokuwa. Shangazi alirudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, saa ambayo wewe ulikuwa unajaribiwa na mimi siwezi kumeza hata maji, akaingia hapa. Tulikuwepo wote, na fundi cherehani, na wateja wawili wa baba yako na kiatu kimoja kimoja mguuni. Akakaa. Akavaa miwani. Anasema, "Nimemwona mtoto. Sikuambiwa na mtu. Nimemkuta anaosha vyombo."

 Hata Bibi, lile sikio zima lilisikia.

Mwanangu, mimi nina hofu ya kila kitu, unanijua. Naogopa radi, naogopa barua isipokuja, naogopa barua ikija. Lakini pale sikuogopa. Nikamwambia, "Ndiyo wifi. Ameosha vyombo miaka miwili. Na hizo sahani uliziona?"

Akasema, "Niliziona."

Nikasema, "Zilikuwaje?"

 Shangazi akasema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba, "Zilikuwa zinang'aa, wifi. Nilijiona na miwani yangu." Kisha akasema, "Aliniamkia bila kutikisika. Mimi ningejificha chini ya meza."

Basi nikamwambia, "Huyo ndiye ninayejivunia. Mpishi ni kazi yake tu, anaipata leo." Sikuwa na hakika, Kidole, nilitangulia tena. Ni ugonjwa.

Barua yako imefika jana. Nimesimama katikati ya nyumba nikaisoma mwenyewe kwa sauti mbele yao, kurasa zote, nikikwama narudi nyuma, na hakuna aliyethubutu kunisaidia. Nilipofika kwenye "bado" nilikwama si kwa sababu ya herufi. Shangazi akapiga kelele, "Soma wifi, unatuua!" Nikasoma. Bibi akauliza, "Kasema hajamaliza?" Baba yako akamwambia sikioni, "Hajamaliza!" Bibi akapiga makofi. Akaambiwa tena, akapiga tena.

Picha ameichukua Shangazi. Anasema anaizungusha kwanza, kuna watu anataka wamwone mtoto wa kaka yake. Akaniuliza kama zile nyota za karoti zipo. Nimemwambia hizo ni za kwako, umesema zihifadhiwe, zimekauka lakini pembe zote tano zipo.

Jumapili nayapika tena, kwa soya ya kweli. Mke wa kaka yako atashika mwiko, mimi nitasimama kando nimtazamishe mapovu.

Jambo moja hukuandika, na limeninyima usingizi. Umesema Shifu alikula manane, umesema alipanga mifupa, umesema yote. Lakini alipomaliza lile la mwisho, vidole vyake alivifuta kwa kitambaa, au alivilamba?

Nijibu upesi. Dereva nimemwambia asiondoke huko mpaka umempa jibu mkononi.

Mimi mama yako,
Mama Peremende